Vile Tulitoa Kilo Tisini kwa Gari ya Mzee Muli

Vijana wangu, niaje. Nawaonanga hapa Kayole, hapo Spine Road, na hizo gari zenu. Mtu anapata kagari kadogo ka mtumba, siku ya kwanza anaweka spika kubwa kama friji kwa buti. Siku ya pili anaweka mabawa nyuma, sijui inataka kuruka iende wapi. Siku ya tatu ni bampa ya chuma, taa kumi na mbili na viti vya ngozi ya ng'ombe mzima. Halafu anakuja kwangu na uso mrefu: "Mzee Nyundo, mbona gari haivuti?" Itavuta vipi, kijana, na umeibebesha ukumbi wa harusi?

Nyinyi mnaongeza. Mimi jina langu lilivuma mjini kwa kutoa. Na nitawaambia ukweli, hata mimi nilianza kama nyinyi. Mbaya zaidi, hata.

Nimenyoosha bodi za gari miaka arobaini na tatu, nyuma ya Soko la Burma, mahali hapohapo, chini ya bati hiyohiyo, hata ile shimo ya kuvuja ni ileile. Shule niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha. Lakini nifunge macho, unipe mlango wa gari niugonge na kidole, nitakwambia umegongwa mara ngapi, umepakwa rangi mara ngapi, na kama mwenyewe ana bibi mkali.

Aliyenifundisha ni Mzee Kiilu, Mungu amlaze vizuri. Huyo kabla ya kushika gari alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Ukambani na gunia la vifaru na twiga wa mbao, vifaru vikaisha, akabaki Nairobi na patasi mkononi. Basi akaanza kunyoosha bodi kimchongaji. Kama gari imeumia shavu, yeye hakukimbilia kubandika kitu. Alichukua gogo, akalichonga umbo la lile shavu, halafu akalaza bati juu yake akaligonga polepole, tik, tik, tik, mpaka bati likafuata mbao. Siku mbili kwa shavu moja! Mimi nilikuwa nachoka kumtazama tu.

Alikuwa akisema, "Nyundo, ukikata sikio la twiga kwa makosa, hulirudishi. Kwa hivyo tazama kwanza. Na hiyo fila yako nisiione."

Fila ni ule udongo wa pinki tunapaka kwa bonde la gari, pale bati limebonyea, unakauka, unapiga msasa, unaweka rangi, mteja anaona gari mpya. Mzee aliuchukia kama nzi kwa chai. "Fila ni uongo," anasema, "na rangi ni kanzu ya huo uongo."

Lakini Mzee alikuwa akienda nyumbani kupanda, wiki mbili mbili, na hapo mimi nilikuwa mfalme. Nilipaka fila kama mama anavyopaka mtoto mafuta. Kuna pikapu moja niliijaza ubavu mzima, ikaenda ikapiga tuta, ule ubavu ukaanguka kipande kimoja. Mwenyewe aliuokota, akaja nao kwapani kama mkate. "Fundi, ulisahau hii."

Na mjue, wateja wa siku hizo walipenda uzito. Mtu wa Eastlands alikuwa akinunua gari kwa masikio. Anafungua mlango, anaupiga. Ukilia *ndu!* kama mlango wa benki, anatabasamu: "Hii ni gari." Ukilia *chwa* kama kifuniko cha sufuria, anaenda zake. Basi sisi mafundi tukawa tunajaza. Bati juu ya bati, kwa sababu barabara ni mbaya na mteja hataki kurudi. Kila gari iliingia kwetu ikiwa mbuzi ikatoka ikiwa kifaru. Na tulijipiga kifua!

Sasa sikieni kazi ya mwisho niliyoifanya, mwaka jana, kabla sijaweka nyundo chini.

Asubuhi moja kakaja kagari kekundu, viti viwili, hakana paa, kamelala chini hivi kwamba kuku akipita mnatazamana naye macho kwa macho. Gari ya spoti ya zamani, ile ya Kiingereza, injini ndogo kama ya cherehani. Kwa usukani kuna mama wa miaka kama arobaini na tano, mikono imara. Akashuka, yaani akapanda, kwa sababu kushuka kwa hiyo gari ni kusimama.

"Shikamoo mzee. Naitwa Mwende. Naambiwa wewe ndiye Nyundo."

"Marahaba mama. Ni mimi, ile iliyobaki."

Mwende ni dereva wa ambulensi. Gari ilikuwa ya baba yake, Mzee Muli, karani wa ofisi, aliyeinunua zamani kwa bosi wake mzungu akirudi kwao. Huyo karani wiki nzima alipiga stempu kwa karatasi, halafu Jumapili fulani anaenda kushindana kule nje ya mji, njia ya Machakos, mahali watu wa gari za zamani wanapanda kilima kimoja chenye kona saba, mmoja mmoja, wakipimwa na saa.

Mwende akafungua kile kisanduku mbele ya kiti cha abiria, akanionyesha kifuniko upande wa ndani. Mzee Muli alikuwa ameandika na penseli dakika zake zote za kupanda. Moja na sekunde arobaini na nane. Moja arobaini na sita. Moja arobaini na tano! Halafu chini: mbili na nne. Mbili na sita. Mbili na tano. Halafu basi, mbao tupu.

"Hapo katikati nini kilitokea?" nikauliza.

"Alitumbukia mtaro siku ya mvua. Gari ikatengenezwa. Akarudi kilima mara tatu, akaona mwendo wake umepotea. Akaiegesha." Akafunga kile kifuniko taratibu. "Alisema mkono umekuwa mwoga. Alisema hivyo mpaka anakufa, mzee. Mtu akitaja kilima, anacheka, anasema yeye ni kuku."

Shida ilikuwa hivi. Mzee Muli ameaga, gari ni ya watoto wawili, Mwende na kaka yake Kyalo. Kyalo amepata mnunuzi wa ng'ambo, kontena iko tayari. Mwende hataki. Wamebishana mpaka shangazi wakachoka kuitwa. Mwishowe Kyalo akasema: gari ya kupanda kilima isiyopanda kilima ni pambo. Ikipanda chini ya dakika moja na sekunde hamsini siku ya mashindano, ibaki na sitafungua mdomo tena. Ikishindwa, iende. Na Mwende alikuwa ameshaijaribu. Mbili na tatu.

"Injini imeangaliwa na watu watatu," akaniambia. "Wote wanasema iko sawa. Wa mwisho ndiye aliniambia, mama, hii gari si mgonjwa, hii gari ni mnene. Nenda kwa Nyundo."

Mashindano yalikuwa baada ya wiki tatu. Nikamwambia, "Mama, nitaikondesha mpaka upepo ukija uifunge na kamba."

Nilikuwa na Okoth, mchomeleaji wangu, tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa na nywele. Tukaipeleka kwa mizani ya watu wa skrap, wale wa vyuma vikuukuu, ikasoma kilo mia saba sabini. Nikampigia simu mzee mmoja aliyewahi kuwa na dada ya hiyo gari, akasema ikitoka kiwandani haikufika mia saba. Okoth akapiga mluzi. "Kwa hivyo kuna mtu mzima amekaa ndani na hatumwoni."

Sasa kaeni sawa, hapa ndipo kuna kazi ya kujua. Jambo la kwanza la kupunguza gari: pima kila kitu unachotoa. Kila kitu! Mkono hudanganya. Utatoa kitu kikubwa utadhani umemaliza, kumbe ni hewa. Utaacha kitu kidogo, kumbe ni kizito kama risasi. Ile mizani ya skrap ni ya malori, haijui mambo ya kilo mbili. Kwa hivyo nikaenda kwa Hassan.

Hassan ana bucha hapo Burma na mizani ya kuning'iniza nusu ng'ombe. Nikaja na bampa begani.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo ilichinjwa wapi?"

"Pima tu, Hassan."

"Futa grisi kwanza! Watu watasema nyama yangu inatoka gereji."

Tukaning'iniza bampa kati ya miguu ya mbuzi. Mama mmoja aliyekuwa kwa foleni akaangalia juu, akaangalia Hassan. "Hii nayo ni nini?"

"Mbavu, mama. Ila ina mifupa mingi."

Bampa mbili, kilo kumi na mbili. Gurudumu la spea, jeki na mfuko wa spana ambao hata hazikuwa za hiyo gari, kumi na saba. Hita na mabomba yake, sita. Nairobi hita ya nini? Redio na spika, tano. Hassan alikuwa akiandika kwa ubao wake wa bei, chini ya matumbo. Kufika Ijumaa tulikuwa na kilo arobaini, na Burma yote inajua. Nikipita, wachoma nyama wanapiga kelele, "Nyundo! Leo umechinja nini?"

Hapo kichwa kikafura. Kwa sababu mtu akianza kutoa, anaona tamu. Nikachukua drili nikaanza kutoboa. Vile vyuma vidogo vya kushika vitu, nilivitoboa vyote mpaka vikawa kama kichungi cha chai. Nikatoboa pedali. Nikatoboa vyuma vya kiti. Usiku nikilala naona matundu. Siku ya pili Okoth akakaa kwa kiti ajaribu, kiti kikasema *kwii*, kikalala chali pamoja naye, miguu juu kama kombamwiko.

Akabaki hapohapo chini. "Nyundo. Umenipima kilo ngapi?"

Kwa hivyo shikeni hii: tundu ni dawa, na dawa ina kipimo. Usitoboe karibu na ukingo. Kati ya tundu na tundu acha nafasi ya tundu jingine zima. Na chuma kinachoshika mtu, au breki, au usukani, hicho acha na uzito wake, kisalimie tu upite. Na kama una chaguo, anza na kinachozunguka, kwa sababu kilo moja kwa gurudumu injini inaibeba mara mbili: kuisukuma mbele na kuizungusha. Vile vyuma vya kiti nilivitengeneza upya, na Okoth akakataa kuvijaribu mpaka nikae mimi kwanza.

Arobaini tulikuwa nazo, lakini hesabu bado ilikataa. Ukitoa arobaini unabaki na mia saba thelathini. Na vitu vingi nilivyotoa vilitoka navyo kiwandani! Bila hivyo ingefaa iwe nyepesi kuliko ilivyozaliwa. Uzito mwingine ulikuwa wapi?

Hapo nikaanza kumtukana fundi. Si mnajua sisi mafundi? Wa kwanza kulaumiwa ni aliyekutangulia. Nikagonga sakafu, ikajibu *ndu*. Nikagonga ubavu wa chini, *ndu*. "Okoth, sikia hiyo! Nani alifanya hii kazi? Huyu hakuwa fundi, huyu alikuwa mwashi! Huyu alifaa kujenga mabwawa!" Mwende alikuwa akija jioni akitoka zamu, nami namsimulia. "Mama, baba yako aliibiwa. Nikimpata huyo mtu, nampeleka yeye kwa mizani ya Hassan." Mwende anacheka. Nilimtukana huyo fundi siku nne mfululizo, na kila siku matusi yananoga zaidi.

Sakafu ilikuwa imepakwa lami nene ya kuzuia kelele. Kuitoa hiyo na patasi ni kazi ya wiki. Lakini nina njia. Nilienda kwa kina mama wa samaki nikachukua barafu, nikaimwaga yote ndani ya gari, nikafunika na gunia, nikaenda kunywa chai. Lami ikishika baridi inakuwa kama kioo. Unarudi, unaigonga kidogo, *pa!* inapasuka vipande, unaokota kama unaokota maandazi.

Nikaokota. Chini ya lami hakukuwa na sakafu ya gari. Kulikuwa na bati nene ajabu, bluu, na kwa hiyo bluu kuna herufi nyeupe kubwa, zimeandikwa na mkono. Nikafuta na kitambaa.

MBWA KALI.

Okoth akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyundo! Wameweka geti! Wameweka geti ya mtu kwa sakafu! Huyu jamaa ni shetani, yuko wapi nimsalimie?"

Mimi sikucheka. Mimi nilikaa kwa ndoo. Kwa sababu ile geti niliijua. Niliinunua mimi, kwa mikono yangu, kwa mtu aliyekuwa akibomoa nyumba, nikaikokota mpaka gereji nikisema hii bati ni ya maisha. Na ile K ya KALI ilikuwa na mguu mfupi, na mimi mwenyewe niliukata huo mguu ndio bati iingie.

Ikaja yote. Mzee Kiilu ameenda kupanda mahindi. Kagari ka kijani, siku hizo kalikuwa kijani, kameletwa na kamba kutoka kwa mtaro, sakafu imepasuka. Kanaachwa hapo, mwenyewe simwoni. Mimi kijana wa miaka ishirini na kitu, nikasema, hii sakafu nyembamba ndiyo shida, hii gari imetengenezewa barabara za wazungu, wacha niitengenezee barabara zetu. Nikachomelea geti. Nikachomelea na mbavu. Juu nikajaza fila, ndoo na nusu. Nilipomaliza nilipiga mlango, ukalia *ndu*, nikajisikia kama nimezaa mtoto. Nilikuwa nimepokea gari ya spoti nikarudisha tingatinga.

Okoth akaniangalia akaacha kucheka. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaangalia nje kama kuna mtu anakuja. "Basi nyamaza. Tunakata, tunatupa, tunaweka mpya. Nani anajua? Kazi yako ya mwisho, Nyundo. Usiende nyumbani na hii."

Na vijana, siwadanganyi, nilifikiria. Greinda, ile mashine ya kukata chuma, ilikuwa mkononi. Dakika kumi tu na ile MBWA KALI ingekuwa skrap. Miaka arobaini na tatu watu wananiita fundi, niende nikijulikana kama mtu wa geti? Lakini kila nikiwasha greinda naona kile kifuniko chenye penseli. Mbili na nne. Mbili na sita. Mbili na tano. Yule mzee alirudi mara tatu, akisukuma geti ya watu mlimani bila kujua, na alipoangalia saa, mtu wa kulaumu alikuwa mmoja tu. Aliingia kaburini akidhani yeye ni mwoga. Na mimi ndiye nilikuwa na barua yake ya kutolewa lawama, nimeikalia.

Nikazima greinda. Jioni Mwende akaja, na sare yake ya ambulensi, akaona ile maandishi, akaangua kicheko. "Mzee! Sasa huyo fundi wako umempata!"

"Nimempata, mama."

"Yuko wapi?"

"Amekaa kwa ndoo."

Alicheka kidogo tena, halafu akaniona uso. Kicheko kikaisha kama maji ya mfereji. Nikamweleza yote, sikuweka fila mahali popote. Okoth alikuwa anafagia mahali pasipo na uchafu.

Mwende hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliingia kwa ile gari isiyo na viti, akachuchumaa juu ya MBWA KALI, akashika usukani.

"Alikuwa akinibeba hapa nikiwa mdogo," akasema. "Tukifika ile barabara ya kilima, hata kama tunapita tu, alikuwa akiangalia upande mwingine."

"Pole, mama."

"Pole haipunguzi kilo, mzee." Akatoka, akajifuta mikono. "Wewe ndiye unajua uliweka wapi. Toa."

Nilitoa! Nilitoa kama mwizi anayerudisha. Tulikata geti vipande, tukachimba fila na tindo, nyingine ilikuwa nene kama kiganja changu. Hassan alipima siku mbili. Kilo hamsini na tatu! Hamsini na tatu za ujana wangu, zimening'inia kwa ndoano mbele ya watu wananunua maini. Hassan akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikasema kwa sauti, foleni yote isikie, "Ni yangu." Siku hiyo hakunitania.

Lakini gari bila sakafu ni ndoto. Ilibidi iwekwe ingine, nyembamba ya kiwandani, na mbavu zinyooke bila hata kijiko cha fila. Hiyo sikuwahi kuifanya maisha yangu yote! Mzee Kiilu alikuwa akiifanya nami nasinzia. Sasa nikatafuta gogo la jakaranda, nikachonga umbo la ubavu. La kwanza likatoka kama kiazi. La pili kama kiazi kilichopikwa. La tatu nikaliweka kwa kipande cha ubavu ambacho hakikuumia, likakaa kimya, halina pengo hata la kupitisha wembe. Nikalaza bati jembamba juu, nikaanza. Tik, tik, tik. Siku mbili kwa ubavu mmoja, siku mbili kwa mwingine. Na siri ni hii: usigonge bonde, gonga kando yake, bati litapanda lenyewe. Ukilipiga kwa hasira linanyooka kupita kiasi, linakuwa kama tumbo la chura, na hapo umepoteza bati. Nyundo ianguke na uzito wake tu. Wewe unaiongoza kama unamshika mtoto mkono.

Nilipomaliza nilipitisha kiganja kutoka mbele mpaka nyuma, macho nimefunga. Hakikukwama mahali. Okoth naye akapitisha chake. Hakusema neno, na Okoth kukaa bila neno, hiyo ni tuzo hakuna rais anaweza kupeana.

Bati mpya na vyuma vyake zilirudisha kilo kumi na mbili. Lami na mazulia zilikuwa zimetoa tisa. Mwende ndiye alipiga hesabu kwa ubao wa Hassan: arobaini, na tisa, na arobaini na moja. Tisini. Tukairudisha kwa mizani ya skrap, ikasoma mia sita themanini. Nikapiga mlango. *Chwa.* Kama kifuniko cha sufuria. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo.

Jumapili ya mashindano tukafika kilimani, mimi, Okoth na Hassan, ambaye alifunga bucha ati gari ni mteja wake. Kyalo alikuwa hapo tayari. Jamaa mkubwa, Mungu alimwaga unga bila kupima, amevaa koti, simu mkononi yenye saa. Akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," lakini uso umefungwa. Dada yake hakuwa amemwambia habari ya geti. Aliniachia mimi. Kwa hivyo nikamwambia hapohapo, mbele ya gari, kabla ya kupanda, ili akitaka kunizaba aniwahi nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Kumbe." Akageuka akaangalia kilima.

Mwende akavaa kofia ya chuma. Bendera ikashuka. Kagari kakaruka kama kamechomwa sindano! Kona ya kwanza tukakaona, ya pili tukakaona vumbi, ya tatu tukabaki na sauti tu, injini ya cherehani inashona mlima. Hassan anaomba dua. Okoth ananishika mkono mpaka leo kuna alama. Mimi nahesabu kona kwa masikio: nne. Tano. Sita hapo akabadilisha gia, nikasikia haikuchoka. Zamani kwa hiyo kona geti yangu ilikuwa inavuta nyuma. Leo hakuna kitu kilivuta. Saba.

Kule juu mtu akapunga bendera, na redio ya waamuzi ikasema: dakika moja, sekunde arobaini na tatu.

Sio chini ya hamsini tu. Chini ya baba yake mwenyewe, siku yake bora kabisa! Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakaondoka. Hassan alinibeba, mimi, mzee na wajukuu. Nilikuwa najisikia nimetengeneza ndege.

Mwende akarudi chini polepole, akavua kofia, macho mekundu, sijui ni vumbi. Hakumwangalia mtu mwingine ila kaka yake.

"Kyalo. Hakuwa mwoga."

Kyalo alikuwa bado ameshika simu, saa inaendelea kuhesabu, alisahau kuisimamisha. Akaiweka mfukoni. Akazunguka gari mara moja. Akainama akapitisha kiganja kwa ule ubavu niliogonga, kutoka mbele mpaka nyuma, kama vile nilifanya mimi.

"Huu mlango unafunguliwa vipi?" akauliza. Kwa sababu kile kishikio cha mlango tulitoa, tukaweka kamba ya ngozi.

"Bwana Kyalo," nikasema, "samahani, nakupenda, lakini nimetoa kilo tisini kwa hiyo gari, na nikikuangalia hivi, naona zinarudi zote na majirani."

"Mzee," akasema, "nyamaza tafadhali," lakini alikuwa anacheka, na akaingia, koti na yote, magoti yakagusa kidevu. Springi zikalalamika. Dada akawasha. Wakapanda kilima watoto wote wawili wa Mzee Muli, vichwa viwili nje, taratibu hivi kwamba punda wa mkokoteni angewapita akawasalimia, wanaonyeshana kona na kidole. Na mimi fundi wa wepesi nilisimama pale kifua mbele, najivunia gari inayoenda mwendo wa konokono, nikaangalia huku na huku. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameshika saa.